Kibera: hati iliyochelewa karne nzima

Msikilizaji, jina Kibera latokana na Kibra, neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Ndivyo palivyokuwa mwanzoni mwa karne ya 20, serikali ya kikoloni ilipowapa makazi hapo askari wa Kinubi, wenye asili ya Sudan, waliolitumikia jeshi la King's African Rifles. Mwaka 1918 eneo hilo, karibu ekari 4,200, lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi.

Hati ya kumiliki hawakupewa, na hapo ndipo shida ilipozaliwa. Baada ya uhuru ardhi ilibaki mikononi mwa serikali, mitaa ya wenye uwezo ikajengwa juu yake, na wenyeji wakaitwa wavamizi. Mvamizi aliyeletwa na mwenye ardhi!

Mwaka 2017 Wanubi walikabidhiwa hati ya pamoja, ya ekari 288. Lakini wakazi wengi wa Kibera leo si Wanubi. Ni wapangaji wanaolipa kodi kila mwezi kwa chumba cha udongo na mabati, na sera ya makazi isiyowahesabu haiwezi kuitwa ya haki. Julai 2018 tingatinga zilipobomoa nyumba kupisha barabara, maelfu yao walilala nje kwenye baridi ya Nairobi.