Bustani ya gunia: Udongo unaofaa mitaani Eastlands
Bustani ya gunia ni njia ya kukuza sukuma wiki na mchicha pasipo shamba, iliyoenea Mathare kuanzia 2008. Udongo mweusi wa kunata, uliojaa sehemu nyingi za Eastlands, hutuamisha maji na kupasuka ukikauka. Hivyo huchanganywa na mchanga na samadi ya mbuzi iliyooza vyema. Samadi mbichi huunguza mizizi. Katikati ya gunia hupangwa kokoto ili maji yafike chini.

Udongo wa karibu na jaa la Dandora uepukwe. Uchunguzi wa UNEP wa 2007 uligundua humo madini ya risasi. Nusu ya watoto 328 waliopimwa walikuwa nayo kupita kiasi katika damu. Samadi haiondoi sumu hiyo.