Pingili ya Klarineti na Msitu wa Kilwa: Historia ya Kifaa cha Kurekebisha Sauti, 1904–2019

1.0 Utangulizi

Anayenunua spika za masikioni dukani Njinjo, sawa na anayezinunua Dar es Salaam, mara nyingi hukuta ndani ya kisanduku vipira vya ukubwa tofauti. Kipira kinachoziba tundu la sikio barabara huifanya besi isikike. Kinacholegea huivujisha, na msikilizaji hubaki na sauti nyembamba. Spika ni ile ile. Kilichobadilika ni umbo la njia ya hewa iliyo baina ya spika na kiwambo cha sikio.

Kurekebisha sauti kwa kifaa kidogo kinachoongezwa huonekana kuwa jambo la zama za simu za mkononi. Hata hivyo, utaratibu huo una historia ndefu, na sehemu muhimu ya historia hiyo inapita katika misitu ya bara ya Kilwa. Njinjo iko katika Wilaya ya Kilwa, Mkoa wa Lindi, kwenye barabara itokayo Nangurukuru kwenda Liwale, ndani ya ukanda wa miombo unaoota mpingo (Dalbergia melanoxylon). Mpingo ndio mti ambao kwa zaidi ya karne moja umetumika kutengenezea klarineti na vifaa vyake vya ziada.

Makala hii inachunguza kifaa kimoja miongoni mwa hivyo, yaani kipande kifupi cha mbao kinachounganisha kinywa cha klarineti na mwili wake, ambacho hapa kinaitwa pingili. Hoja ya msingi ni kwamba historia ya kurekebisha sauti imeandikwa kana kwamba inaanzia katika karakana ya fundi, ilhali sifa inayoiwezesha pingili kufanya kazi yake, na mgogoro kuhusu nani anufaike nayo, vinaanzia msituni.

2.0 Pingili na Kazi Yake

Klarineti ilibuniwa Nuremberg, Ujerumani, mnamo mwaka 1700 au karibu na hapo, na kwa kawaida ubunifu huo hunasibishwa na fundi Johann Christoph Denner. Katika karne ya 18 ala hiyo ilichongwa hasa kwa mbao za Buxus sempervirens, mti wa Ulaya wenye mbao za manjano. Kimo cha sauti cha kupatanishia ala hakikuwa kimoja Ulaya nzima. Ufaransa iliweka kiwango cha kisheria cha mitetemo 435 kwa sekunde mwaka 1859, na mkutano wa London wa mwaka 1939 ulipendekeza mitetemo 440. Hata baada ya viwango hivyo kuwekwa, joto la ukumbi na la pumzi ya mpigaji liliendelea kupandisha kimo, kwa kuwa mawimbi ya sauti husafiri kwa kasi zaidi katika hewa yenye joto.

Kazi ya pingili inatokana na hali hiyo. Urefu wake ni takribani milimita 65. Mpigaji anayeivuta nje kidogo huurefusha mrija wa hewa na kuteremsha sauti. Anayetumia pingili fupi huipandisha. Umbo la tundu lake la ndani, liwe limenyooka au limesinyaa kuelekea chini, huathiri uwiano wa sauti za chini na za juu. Kwa mantiki, kazi hii haina tofauti na ile ya mpiga ngoma anayeianika ngozi karibu na moto ili ikauke na kukaza kabla ya mchezo. Ala imekwisha kutengenezwa, lakini haijawa tayari mpaka ipatanishwe na hali ya hewa ya siku hiyo.

3.0 Kwa Nini Mpingo?

Mnamo mwaka 1839 Hyacinthe Klosé na fundi Louis-Auguste Buffet walionyesha Paris klarineti yenye mfumo mpya wa vibonyezo vya chuma. Mfumo huo ulihitaji mbao ngumu zinazoweza kushikilia nguzo nyingi ndogo za chuma bila kulegea. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 mpingo ulichukua nafasi ya mbao za manjano hatua kwa hatua.

Wauzaji wa vifaa vya ziada hupenda kueleza kwamba aina ya mbao ndiyo inayoipa sauti utamu. Dai hilo halikuungwa mkono na vipimo. John Backus, katika utafiti alioutoa mwaka 1964, alionyesha kwamba mtetemo wa kuta za klarineti una athari ndogo mno katika sauti anayoisikia mtu. John Coltman alifikia matokeo yanayolandana na hayo kuhusu filimbi mwaka 1971. Kinachotawala sauti ni vipimo vya tundu: urefu, upana, ulaini wa ndani na kutovuja kwa maungio.

Matokeo hayo hayaupunguzii mpingo thamani. Yanaeleza mahali thamani hiyo ilipo. Mbao za mpingo ni nzito kiasi cha kuzama majini, zina mafuta ya asili, na zikikaushwa vizuri hazivimbi ovyo zinapoloana kwa pumzi. Fundi akichonga tundu kwa usahihi, kipimo hudumu. Kwa maneno mengine, mpingo hauongezi sauti. Unakitunza kipimo kinachoitengeneza sauti. Sifa hiyo hujengeka polepole katika mti unaokadiriwa kuhitaji miaka 70 hadi 100 kabla ya kufaa kuvunwa. Fundi wa Paris huikuta imekwisha kufanyika.

4.0 Nani Mwenye Mti?

Mwaka 1904 utawala wa Kijerumani ulitoa amri ya kulinda misitu iliyobana matumizi ya wenyeji. Mwaka uliofuata Vita vya Maji Maji vilianza katika vilima vya Matumbi, ndani ya eneo la Kilwa. Kwa muda mrefu wanahistoria walivieleza vita hivyo hasa kwa kurejelea kilimo cha lazima cha pamba. Sunseri (2009) anaongeza kwamba udhibiti wa misitu nao ulikuwa sehemu ya dhuluma ambayo watu waliipinga. Mchango wake ni muhimu kwa mada hii kwa sababu unaonyesha kuwa swali la nani mwenye mti lilikuwa la kisiasa tangu mwanzo.

Katika kipindi cha Waingereza, upanuzi wa Pori la Akiba la Selous katika miaka ya 1940 uliambatana na kuwahamisha Wangindo wengi wa Liwale. Baada ya uhuru, Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975 ilikipa kijiji hadhi ya kisheria, ingawa wengi waliingia vijijini kwa kuhamishwa. Hapa pana kinaya cha kihistoria. Taasisi iliyozaliwa kwa kuwaondoa watu katika makazi yao ya awali ndiyo iliyokuja kuwawezesha kudai msitu. Sera ya Taifa ya Misitu ya mwaka 1998, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ziliruhusu kijiji kutenga msitu wa hifadhi wa kijiji, kuvuna kwa mpango na kubaki na mapato.

Wilaya ya Kilwa ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoigeuza sheria hiyo kuwa vitendo. Mwaka 2009, kupitia cheti cha pamoja kilichosimamiwa na Mpingo Conservation and Development Initiative (MCDI), shirika lenye makao yake Kilwa Masoko, misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata ithibati ya Forest Stewardship Council (FSC). Ilikuwa misitu ya asili ya kwanza barani Afrika iliyo chini ya usimamizi wa jamii kupata ithibati hiyo. Kuanzia hapo, kwa magogo yanayotoka katika misitu hiyo, asili ya mti ikawa sehemu ya bei yake.

5.0 Pale Gogo Linapogeuka Kuwa Kifaa

Mkutano wa Mkataba wa CITES uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 uliiweka karibu jenasi yote ya Dalbergia katika Kiambatisho cha II, na uamuzi huo ulianza kutumika tarehe 2 Januari 2017. Msukumo mkubwa ulikuwa biashara ya samani, hasa katika soko la China, lakini klarineti nazo ziliingia katika hitaji la vibali. Watengenezaji na wanamuziki walilalamika. Mkutano wa Geneva wa mwaka 2019 uliondoa hitaji hilo kwa ala za muziki zilizokamilika, sehemu zake zilizokamilika na vifaa vyake vya ziada vilivyokamilika, kuanzia tarehe 26 Novemba 2019.

Uamuzi wa Geneva una mantiki, kwa kuwa ala hutumia kiasi kidogo cha mbao. Hata hivyo, una matokeo ambayo mtafiti hapaswi kuyapita. Gogo la mpingo linapovuka mpaka huulizwa asili yake. Likishachongwa na kukamilishwa kuwa pingili, mkataba hauliulizi tena. Neno “kifaa cha ziada”, ambalo dukani ni jina la bidhaa tu, katika sheria limekuwa mpaka ambapo kumbukumbu ya msitu inakoma. Upande wa pili wa mpaka huo, asili hubaki kuonyeshwa kwa lebo za hiari kama ile ya FSC, au haionyeshwi kabisa.

Kwa hiyo nguvu ya kijiji iko kabla ya mti kuanguka na muda mfupi baadaye: katika mpango wa uvunaji, katika alama ya nyundo iliyogongwa kwenye gogo na kisiki, na katika daftari la Kamati ya Maliasili ya Kijiji. Nafasi hiyo ikipotea, hakuna hatua ya baadaye inayoweza kuirejesha.

6.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba pingili hurekebisha sauti kwa kipimo, na kwamba kipimo hicho hudumu kwa sababu ya sifa iliyokomaa msituni kwa miongo mingi. Imeonyesha pia kuwa mamlaka juu ya sifa hiyo yamehama kutoka dola ya kikoloni hadi kijiji, na kwamba mamlaka hayo hayaufuati mti unapokuwa bidhaa. Watafiti wa historia ya muziki wamezoea kutafuta vyanzo katika makumbusho ya ala na orodha za mafundi wa Ulaya. Madaftari ya uvunaji ya vijiji vya Kilwa yanastahili kuwekwa katika orodha hiyo hiyo na kuhifadhiwa kwa uangalifu ule ule, kwa kuwa ndiyo yanayoandika hatua ya kwanza ya kazi ambayo karakana huja kuimalizia.