Upepo wa Jua unatokea wapi?

Kuna desa la fizikia linazunguka hapa hosteli, na upepo wa Jua umepewa mistari miwili tu, kisha hesabu. Mimi naona tumenyimwa stori yenyewe, maana upepo huo ulianza kwa kukataliwa.

Mwaka 1958 Eugene Parker wa Chuo Kikuu cha Chicago alipiga hesabu akaona kwamba korona (tabaka la nje la Jua jamani, si ile ya barakoa), kwa joto lake la zaidi ya digrii milioni moja, haiwezi kutulia. Lazima itiririke kwenda angani. Wahakiki wawili wakaikataa makala yake. Mhariri wa jarida, Subrahmanyan Chandrasekhar, naye hoja haikumwingia, ila alipokagua hesabu hakuona kosa, akaichapa. Mhariri ndiyo huyo! Mwaka 1962 chombo Mariner 2, kikielekea Zuhura, kikaupima upepo wenyewe.

Likabaki swali la chanzo. Upepo wa kasi, km 700 hivi kwa sekunde, ulikuja kufuatiliwa hadi kwenye matundu ya korona, ambako nyuzi za sumaku zimefunguka kuelekea angani. Ule wa polepole, km 400 hivi (polepole ya huko juu, msicheke), ukasumbua watu miaka na miaka.

Septemba 2006 Japani na washirika wake wakarusha Hinode. Februari 2007 darubini yake ya eksirei ikaona plazma ikitiririka mfululizo kutoka ukingoni mwa eneo lenye madoa ya Jua, kama km 140 kwa sekunde. Ukingoni, si katikati kwenye vurugu zote! Katikati nyuzi za sumaku ni vitanzi vilivyofungwa, plazma inazunguka mlemle. Kando ndiko kwenye upenyo. Kifaa kingine cha Hinode kikapima kasi kwa rangi: kama honi ya daladala inayokujia inavyosikika nyembamba zaidi, mwanga wa gesi inayotujia husogea upande wa bluu.

Lakini kupanda si kutoroka. Plazma inaweza kupanda pale na bado ikarudi chini. Ndiyo maana nawapenda David Brooks na Harry Warren. Mwaka 2011 walionyesha kwamba katika mtiririko wa namna hiyo wa Desemba 2007, silikoni ikilinganishwa na salfa ilikuwa mara 3 hadi 4 ya kawaida ya uso wa Jua. Siku chache baadaye chombo ACE, kilichoko km milioni 1.5 kutoka duniani, kikakuta uwiano wa aina hiyohiyo kwenye upepo wa polepole. Yaani chapa ya kidole imefanana.

Parker alifariki mwaka 2022, baada ya kushuhudia chombo chenye jina lake kikirushwa mwaka 2018. Desemba 2024 kilipita km milioni 6.1 tu kutoka kwenye uso wa Jua. Kuhusu sehemu gani ya upepo wa polepole inatoka kwenye kingo zile, wataalamu bado wanabishana.