Jina la Mwenye Kuandika: Kutoka Bagamoyo hadi Bayreuth

Neno ambalo lugha nyingi za Ulaya hulitumia kutaja wizi wa kitaaluma lina asili ya kutisha. Katika Roma ya kale, plagiarius alikuwa mtu aliyeteka watoto au watumwa wa wenzake. Katika karne ya kwanza, mshairi Martial alilitumia neno hilo kumsuta mtu aliyesoma mashairi yake hadharani na kudai kwamba ameyatunga yeye. Martial alivifananisha vitabu vyake na watumwa aliowaacha huru, kisha wakatekwa upya.

Huenda ukadhani kwamba kumtaja mtunzi ni sharti tulilopokea kutoka vyuo vikuu vya kigeni. Sivyo. Watunzi wengi wa tenzi za Kiswahili walikuwa na desturi ya kutia jina lao, na hata tarehe, katika beti za mwisho. Utendi wa Mwana Kupona, wosia ambao mama huyo alimtungia binti yake, una tarehe ndani yake: mwaka 1275 wa Hijria, yaani 1858. Tenzi zilinakiliwa kwa mkono na kusafiri kutoka mji hadi mji. Jina lilisafiri pamoja na maneno ili mwenye kazi asipotee njiani.

Sasa tazama yanayotokea jina linapopungukiwa na heshima yake. Mwaka 1900, Mtoro bin Mwinyi Bakari, msomi kutoka Bagamoyo, alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Aliandika kwa mapana juu ya maisha ya watu wa pwani: malezi, ndoa, ngoma, tiba na sheria. Maandishi hayo, pamoja na ya Waswahili wengine, yalitoka mwaka 1903 katika kitabu *Desturi za Wasuaheli*. Jalada lilikuwa na jina la Carl Velten, msomi wa Kijerumani aliyeyakusanya. Tusimwonee: katika dibaji yake Velten alimtaja Mtoro. Lakini ni wangapi husoma dibaji? Kwa miongo mingi kitabu kilijulikana kama kazi ya Velten. Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927. Tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, iliyoweka jina la Mtoro katika anwani ya kitabu, ilitoka mwaka 1981, miaka 78 baada ya toleo la kwanza.

Nchi hiyohiyo ya Ujerumani ilitikiswa na jambo la namna hii mwaka 2011. Karl-Theodor zu Guttenberg, Waziri wa Ulinzi, alikuwa na shahada ya uzamivu ya sheria kutoka Chuo Kikuu cha Bayreuth. Mwezi wa Februari profesa mmoja wa sheria aligundua kwamba tasnifu yake ilikuwa na vifungu vya watu wengine visivyotajiwa wenyewe. Wasomaji wa kujitolea wakaipekua ukurasa kwa ukurasa, na ikajulikana kwamba hata utangulizi ulikuwa na maneno yaliyochukuliwa gazetini. Kansela Angela Merkel alimtetea, akisema kwamba alimteua kuwa waziri, si mtafiti. Kauli hiyo iliwachoma wanafunzi wa uzamivu. Maelfu kwa maelfu walitia saini barua ya kupinga, kwani nao walikuwa wakihangaikia tasnifu zao kwa uaminifu. Chuo kilimvua shahada, na tarehe 1 Machi akajiuzulu. Za mwizi ni arobaini.

Wewe unayejiandaa kuingia chuo kikuu utakutana na vishawishi vyepesi kuliko vyote hivyo. Utaweza kunakili kifungu cha intaneti, kumlipa mtu akuandikie insha, au kuiachia programu ya kompyuta ifikiri badala yako. Kwa anayejifunza Kiswahili hasara ni kubwa zaidi, maana sentensi usiyoiunda mwenyewe haikufundishi ngeli wala mnyambuliko. Utapata alama, lakini lugha itabaki kwa mwenyewe.

Kutumia wazo la mtu si kosa. Elimu yote hujengwa juu ya kazi za waliotangulia. Ukinukuu maneno yake, yatie ndani ya alama za kunukuu. Ukieleza wazo lake kwa maneno yako, mtaje hata hivyo. Kubadilisha neno moja hapa na jingine pale hakukupi umiliki.

Na utakapofika maktabani na kufungua kitabu cha zamani kuhusu watu wetu, usiishie kwenye jalada. Soma dibaji pia, utafute aliyeandika ni nani, kisha uliandike jina lake katika insha yako.