Ufunguo Usiofungua: Amri, Picha na Neno katika Historia ya Programu za Siri

Kwa miaka mingi mafundi wa kompyuta wamebishana juu ya jambo moja: je, programu ya kulinda siri yafaa itumiwe kwa kuandika amri, au kwa kubofya picha katika dirisha? Wa upande wa kwanza husema kuwa aandikaye amri hujua atendalo. Wa upande wa pili hujibu kuwa amri hizo ni lugha ya wachache, na kwamba kinga isiyoweza kutumiwa na mtu wa kawaida si kinga. Nia ya makala haya ni kuonyesha, kwa kufuata habari za programu moja iitwayo PGP, kwamba kosa kubwa halikuwa katika amri wala katika picha, bali katika neno. Na neno hilo likiingizwa katika Kiswahili bila kuchunguzwa, litatutaabisha kuliko lilivyowataabisha wenye Kiingereza chao.

Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walitangaza njia mpya ya kufumba maandishi. Kabla ya hapo, watu wawili walioandikiana kwa siri walikuwa hawana budi kupatana kwanza juu ya ufunguo mmoja. Katika njia mpya kila mtu ana vitu viwili viendavyo pamoja: kimoja hutangazwa kwa watu wote, na cha pili huwekwa na mwenyewe. Lililofumbwa kwa kile cha wazi halifumbuliwi ila kwa kile cha siri. Lakini kwa Kiingereza vyote viwili vilipewa jina moja, la ufunguo.

Mwaka 1991 Philip Zimmermann wa Marekani alitoa PGP ili njia hiyo iwafikie raia. Serikali yake ilimchunguza kwa muda wa miaka kama mitatu, kwa kuwa sheria ilizihesabu programu za namna hiyo pamoja na silaha, zisizopelekwa nchi za nje bila ruhusa. Uchunguzi ukafungwa Januari 1996 pasipo mashtaka. PGP ya kwanza ilikuwa ya amri. Mtumiaji aliandika jina la programu, herufi za kueleza atakalo, jina la faili na jina la mpokeaji. Ilikuwa sentensi fupi ya kuamrisha, isiyovumilia kosa hata la herufi moja. Toleo la 5.0, la mwaka 1997, lilileta madirisha, na ndani yake picha za kufuli, funguo na kalamu ya unyoya.

Je, taabu ilikwisha? Mwaka 1999 Alma Whitten na J. D. Tygar walichapisha matokeo ya jaribio lao. Watu 12, wote wazoefu wa barua pepe, walipewa dakika 90 watumie toleo hilo. Ni thuluthi yao tu waliofaulu kutia sahihi na kufumba barua sawasawa. Watatu walipeleka siri ikiwa wazi, pasipo kukusudia. Na katika 11 walioweza kufumba, saba walifumba kwa funguo zao wenyewe badala ya zile za wapokeaji, hata barua zikawa hazisomeki kwa waliokusudiwa. Kwa maoni yangu, hao saba hawakupotezwa na kidole. Walitii neno: kila mtu hufunga mlango wake kwa ufunguo wake.

Mwaka huo huo wa 1999 Werner Koch wa Ujerumani alitoa toleo la 1.0 la GnuPG, programu ya amri, na wengine wakajenga madirisha juu yake. Hivyo dirisha likawa mkalimani kati ya mtu na programu. Mwaka 2018 ikagunduliwa kuwa, kwa mpangilio fulani, jina la faili lililotiwa na mpelekaji ndani ya barua liliweza kujipenyeza katika mistari ambayo GnuPG huliambia dirisha habari za sahihi. Dirisha likadhani ni maneno ya GnuPG, nalo likaonyesha sahihi kuwa ni ya kweli. Mwanaisimu atalitambua kosa hili mara moja: mkalimani ameshindwa kupambanua usemi wa msemaji na usemi ulionukuliwa. Basi picha haikuiondoa lugha. Iliificha nyuma yake tu.

Sasa tuliangalie neno lenyewe. Kiswahili kina jozi za vitenzi kama ziba na zibua, fumba na fumbua, funga na fungua, ambamo cha pili hutendua kazi ya cha kwanza. Kutokana na fungua tumepata ufunguo, yaani chombo cha kufungulia. Neno la Kiingereza halionyeshi kazi hiyo katika umbo lake. La kwetu laitangaza. Kwa hiyo tukisema ufunguo wa wazi kwa kitu kinachofunga tu, wala hakifungui lililofungwa, tumesema kinyume cha maana kwa kinywa cha sarufi yetu wenyewe.

Napendekeza kile cha wazi kiitwe kufuli, na cha siri kiitwe ufunguo. Mtu huwagawia rafiki zake makufuli yaliyo wazi. Kila mmoja aweza kulibana, lakini mwenye ufunguo ni mmoja. Ama katika kutia sahihi, mfano huo haufai, maana huko kile cha siri ndicho kitangulizwacho. Hapo yafaa tuseme muhuri, na kile cha wazi kiwe kielelezo cha muhuri, cha kulinganishia.

Huenda mtu akasema kuwa shauri hili limepitwa na wakati, kwa kuwa tangu 2016 WhatsApp hufumba maongezi ya watumiaji wake bila kuwauliza habari za funguo. Ni kweli, lakini mwenzako abadilishapo simu, programu hiyo yaweza kukuarifu kuwa alama ya usalama imebadilika, nawe ndiwe wa kuamua kama ni yeye au ni mwingine. Uamuzi huo hautolewi na picha. Hutolewa na mtu aliyeelewa neno, na kulichagua neno hilo ni kazi yetu sisi tuundao istilahi.