Seti ya Mbinu: Istilahi ya Kuchagua Nne Kati ya Nyingi

Katika michezo ya video ya Pokémon, kiumbe mmoja anaweza kujifunza mbinu kadhaa wa kadhaa, lakini anapoingia uwanjani hubeba nne tu. Kanuni hii ilikuwapo tangu michezo miwili ya mwanzo, Red na Green, ilipotolewa Japani tarehe 27 Februari 1996. Tangu hapo viumbe wameongezeka kutoka 151 hadi zaidi ya 1,000, na aina zao kutoka 15 hadi 18, lakini mbinu za kubeba zimebaki nne. Nne hizo, zikichaguliwa kwa pamoja ili kiumbe atimize kazi fulani, ndizo zinazoitwa kwa Kiingereza moveset. Makala haya yanapendekeza tuziite seti ya mbinu. Kila neno kati ya hayo mawili lina sababu yake, na anayezielewa sababu hizo atakuwa amekwisha kuelewa nusu ya ufundi wenyewe.

Kwa nini mbinu, si pigo

Tuanze na jina la kitu kimoja kabla ya jina la mkusanyiko. Neno la Kiingereza kwa kila moja ya zile nne ndilo hilo hilo linalotumika kwa mwendo wa kete katika sataranji. Tukilifuata tutaishia kwenye hatua au mwendo, na hayo hayaelezi kinachotendeka, maana kiumbe haendi popote. Neno la pili linalokuja upesi ni pigo. Hilo linavutia kwa kuwa mchezo ni wa mapambano, lakini linaacha nje sehemu kubwa ya yanayofanyika uwanjani: kujikinga, kujiponya, kumtia mpinzani usingizi, kubadili hali ya hewa, kumwongezea mwenzako nguvu.

Inafaa kukumbuka kwamba michezo hii haikuzaliwa kwa Kiingereza. Iliundwa na kampuni ya Game Freak ya Japani, iliyoanzishwa na Satoshi Tajiri, na Kijapani huziita mbinu hizi waza, neno linalotumika pia katika judo kwa ufundi wa kumwangusha au kumbana mtu. Masikioni mwetu neno hilo linafanana na kitenzi chetu cha kufikiri, ingawa hayana undugu wowote. Maana yake ya Kijapani ndiyo hasa inayobebwa na mbinu: njia ya kiufundi ya kutimiza jambo, iwe kwa kupiga, kwa kukinga au kwa kuhadaa.

Lugha yetu, tena, si ngeni katika kutofautisha mambo haya. Katika bao, zamu ya kula kete za mwenzako huitwa mtaji, na zamu isiyo na kula huitwa takata. Zote mbili ni kucheza, na bingwa wa bao hutambulikana kwa takata zake kama anavyotambulikana kwa mitaji yake. Istilahi ya mapambano ya Pokémon nayo inahitaji neno pana linalobeba pande zote mbili, na mbinu inatosha.

Ushahidi mzuri ulionekana katika mashindano ya dunia ya mwaka 2014 yaliyofanyika Washington, Marekani. Se Jun Park wa Korea Kusini alitwaa ubingwa wa kundi la umri wa juu akiwa na Pachirisu katika kikosi chake. Pachirisu ni kiumbe mdogo wa umeme mwenye umbo la kindi. Jumla ya viwango vyake vya msingi ni 405, ilhali Garchomp, aliyekuwamo katika kikosi hicho hicho, ana 600. Kwa anayehesabu mapigo, Pachirisu hakustahili kuwapo pale.

Tuzitazame mbinu zake nne. Ya kwanza, Follow Me, huyavuta kwake mashambulizi ambayo wapinzani walikuwa wanamlenga mwenzake. Ya pili, Nuzzle, ina nguvu 20 tu, lakini ikimpata mpinzani asiye na kinga humtia ganzi bila kubahatisha. Ya tatu, Super Fang, huondoa nusu ya uhai aliobaki nao mpinzani, awe mkubwa namna gani. Ya nne, Protect, humkinga kwa zamu nzima. Kati ya nne hizo hakuna hata moja iliyotegemea nguvu za Pachirisu mwenyewe ili ifanye kazi yake.

Mashindano hayo huchezwa wawili kwa wawili, na hapo ndipo seti ile ilipopata maana. Ndani ya kikosi alikuwamo Gyarados, ambaye katika umbo lake la kawaida ni wa maji na anga, kwa hiyo umeme humuumiza mara 4. Pachirisu ana kipaji kiitwacho Volt Absorb, kinachogeuza shambulio la umeme kuwa tiba. Akisimama kando ya Gyarados na kutumia Follow Me, shambulio la umeme lililotumwa kumwangamiza mwenzake linakuja kumponya yeye, na Gyarados anabaki na zamu nzima ya kufanya atakalo. Anayeziita hizi mapigo manne hataona kitu cha maana. Akiziita mbinu nne, ataona mpango.

Kwa nini seti, si orodha

Neno la pili, seti, limekwisha kuzoeleka kwetu: seti ya vyombo, seti ya sofa, seti katika voliboli. Lakini linalotusaidia zaidi ni lile la somo la hisabati. Katika hisabati, seti ni mkusanyiko wa vitu vilivyobainishwa, haujali mpangilio, wala hauhesabu kitu kimoja mara mbili. Sifa zote hizi zinaafikiana na mchezo. Mbinu ya kwanza kwenye menyu haina cheo kuliko ya nne, na kiumbe hawezi kubeba mbinu moja mara mbili.

Hisabati pia inatukumbusha kutofautisha seti na chanzo chake. Mbinu zote ambazo kiumbe anaweza kujifunza, kwa kupanda ngazi, kwa kufundishwa au kwa kurithi, nazo zinahitaji jina. Napendekeza hazina ya mbinu. Hazina amepewa na waundaji wa mchezo, na wachezaji wote wanaigawana sawa. Seti ni ya mchezaji, kwa kuwa yeye ndiye aliyechagua. Kuchanganya mawili haya ndiko kunakomfanya mchezaji mchanga ajaze nafasi nne kwa mbinu zenye nguvu kubwa kuliko zote katika hazina, halafu ashangae anaposhindwa na mtu mwenye viumbe dhaifu kuliko wake.

Seti inavyojengwa

Tumchukue Garchomp, joka la ardhi lililoingia katika michezo ya Diamond na Pearl mwaka 2006. Kiwango chake cha msingi cha shambulio la mwili ni 130, cha shambulio maalumu ni 80, na cha kasi ni 102. Shambulio la mwili ni lile la kugonga, kuuma au kukwaruza. Shambulio maalumu ni la moto, mwanga, mawimbi na mfano wa hayo.

Kanuni ya kwanza ni kwamba mbinu ikiwa ya aina moja na kiumbe mwenyewe, nguvu yake huzidishwa kwa 1.5. Earthquake, mbinu ya tetemeko la ardhi, ina nguvu 100, kwa hiyo kwa Garchomp inafikia 150. Dragon Claw, ya makucha ya joka, ina nguvu 80, nayo inafikia 120. Uzuri wa mbili hizi ni kufidiana. Viumbe wa chuma hupunguza mashambulizi ya joka kwa nusu, lakini tetemeko huwaumiza maradufu. Viumbe wa anga hawaguswi na tetemeko, lakini makucha ya joka yanawafikia.

Pengo linabaki kwa wale wanaounganisha kinga mbili. Skarmory ni wa chuma na anga, kwa hiyo tetemeko halimfikii na joka linamgusa kwa nusu tu. Togekiss ni kichimbakazi wa anga, na kwake zote mbili ni bure, kwa sababu vichimbakazi, aina iliyoongezwa mwaka 2013, hawadhuriki na joka hata kidogo. Mbinu ya tatu inachaguliwa kwa ajili ya pengo hili. Mbinu ya mwamba itamuumiza Togekiss maradufu, na Skarmory kwa kiasi cha kawaida. Mbinu ya moto itakuwa kinyume chake. Jibu halitoki kwa Garchomp peke yake. Ikiwa kikosi kina mwingine wa kumkabili Togekiss, chagua moto.

Tukishachagua moto, tunakuta mbinu mbili zinazogombea nafasi. Fire Fang ni kuuma kwa meno ya moto, nguvu 65, shambulio la mwili. Fire Blast ni mlipuko wa moto, nguvu 110, shambulio maalumu. Garchomp ana shambulio la mwili kubwa zaidi, kwa hiyo macho ya haraka yataelekea Fire Fang. Sasa tupige hesabu ya upande wa pili. Kiwango cha msingi cha ulinzi wa mwili wa Skarmory ni 140, lakini ulinzi wake maalumu ni 70 tu. Kwa makadirio ya viwango hivyo vya msingi, Fire Fang inatupa 65 mara 130, gawanya kwa 140, yaani kama 60. Fire Blast inatupa 110 mara 80, gawanya kwa 70, yaani kama 126. Mlipuko unaotoka katika upande dhaifu wa Garchomp unamdhuru Skarmory mara mbili zaidi, kwa sababu unaingilia katika upande wake dhaifu.

Faida hiyo ina gharama. Fire Fang hupata shabaha mara 95 kati ya 100, na Fire Blast mara 85. Kisha kuna silika ya kiumbe. Silika iitwayo Jolly, ambayo wengi humpa Garchomp, huongeza kasi kwa asilimia 10 na kupunguza shambulio maalumu kwa asilimia 10. Anayebeba Fire Blast analazimika kuchukua nyingine, kama Naive, inayoongeza kasi na kupunguza ulinzi maalumu. Na Garchomp, kwa kuwa ni joka na ni wa ardhi, barafu humuumiza mara 4, hivyo kuupunguza ulinzi wake maalumu ni kuikaribisha miale ya barafu. Kuchagua mbinu ya tatu kumebadilisha silika, na silika imebadilisha namna ya kufa.

Mbinu ya nne inategemea aina ya shindano. Katika pambano la mmoja kwa mmoja, wengi huchagua Swords Dance, inayozidisha shambulio la mwili maradufu, au Stealth Rock, inayotega mawe ya kumjeruhi kila mpinzani anayeingia uwanjani. Katika pambano la wawili kwa wawili, Protect huwa na thamani kubwa, na hata Earthquake yenyewe inahitaji tahadhari, kwa kuwa humpiga pia mwenzako aliyesimama kando. Hazina ni ile ile, kiumbe ni yule yule, lakini seti mbili hizi zinazalisha wapambanaji wawili tofauti.

Jamaa za istilahi hii

Wachezaji wa Kiingereza mara nyingine hutumia neno seti kwa kila kitu alichonacho kiumbe: mbinu, silika, kipaji, kifaa anachokibeba na mgawanyo wa pointi za mazoezi. Pointi hizo, kwa mfumo uliowekwa na Ruby na Sapphire mwaka 2002, jumla yake haizidi 510, na kiwango kimoja hakipokei zaidi ya 252 katika michezo ya karibuni. Mchezaji anaweza kujaza viwango viwili, na vilivyobaki vikaachwa karibu vitupu. Kwa jumla hii yote napendekeza muundo, ili seti ya mbinu ibaki na maana yake finyu. Hivyo tutasema muundo wa Garchomp una seti ya kushambulia, silika ya kuongeza kasi na pointi zilizowekwa katika kasi na shambulio.

Kazi ambayo kiumbe amewekwa kikosini aifanye iitwe jukumu, na liwe la kwanza kuulizwa. Pachirisu wa Se Jun Park alikuwa na jukumu la kulinda na kudhoofisha, na mbinu zote nne zilijibu hilo. Seti isiyo na jukumu, hata ikiwa na nguvu 100 katika kila nafasi, ni mbinu nne zilizokutana kwa bahati. Wanaotaka kufundisha wadogo zao mchezo huu kwa Kiswahili waanzie hapo: jukumu, hazina, seti, kisha muundo. Mpangilio huo wa maneno ndio mpangilio wa kazi yenyewe.

Kwa atakayeandaa kamusi ya michezo, ingizo linaweza kusomeka hivi:

seti ya mbinu, nomino, ngeli ya i-/zi-: mbinu nne ambazo mchezaji amezichagua kutoka katika hazina ya mbinu za kiumbe ili zitimize kwa pamoja jukumu lake katika kikosi. Mfano: Seti ya mbinu ya Garchomp huyu haina jibu kwa Togekiss, kwa hiyo mwenzake abebe mbinu ya chuma.