Brussels na simu ya mfanyabiashara mdogo wa Afrika

Kwa miongo kadhaa Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, umekuwa mahali pa kupanga misaada kwa makampuni madogo ya nchi zinazoendelea, ikiwemo misaada ya kuyawezesha kutumia teknolojia mpya. Lakini uamuzi wa Ulaya uliowafikia wafanyabiashara wengi zaidi wa Afrika Mashariki haukuitwa msaada.

Tarehe 25 na 26 Februari mwaka 1995 mawaziri wa nchi saba tajiri zenye viwanda, kundi la G7, walikutana mjini Brussels kwa mwaliko wa Halmashauri ya Ulaya. Walizungumzia kile kilichoitwa wakati huo jamii ya habari, yaani ulimwengu ambamo kompyuta na simu zingebadili namna ya kufanya kazi, kusoma na kuuza bidhaa. Miongoni mwa miradi 11 ya majaribio iliyoidhinishwa, mmoja ulihusu soko la dunia kwa makampuni madogo na ya kati, ili nayo yaweze kutafuta wateja na kufanya biashara kwa njia ya elektroniki.

Mgeni kutoka nje ya kundi hilo ndiye aliyewakumbusha mawaziri kwamba dunia ni pana zaidi ya nchi saba. Thabo Mbeki, wakati huo Naibu Rais wa Afrika Kusini, alisema kwamba nusu ya wanadamu hawajawahi kupiga simu hata mara moja, na kwamba Manhattan, mjini New York, ilikuwa na laini nyingi za simu kuliko eneo zima la Afrika kusini mwa Sahara. Kutokana na mjadala huo uliitishwa mkutano mwingine, uliofanyika Midrand, Afrika Kusini, mwezi Mei mwaka 1996. Safari hii nchi zinazoendelea ziliketi mezani pamoja na matajiri.

Wataalamu na fomu

Brussels haikuwa ngeni katika shughuli ya kuyasaidia makampuni ya Afrika. Mkataba wa Lomé, uliotiwa saini mwezi Februari mwaka 1975 kati ya Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya na nchi 46 za Afrika, Karibik na Pasifiki, ulizaa Kituo cha Maendeleo ya Viwanda, kilichofungua ofisi zake mjini Brussels mwaka 1977. Baada ya Mkataba wa Cotonou wa mwaka 2000 kituo hicho kilibadilishwa jina na kuitwa Kituo cha Maendeleo ya Makampuni.

Kazi yake ilikuwa kuwatafuta wataalamu, kugharimia sehemu ya uchunguzi wa miradi, kutoa mafunzo na kuwaunganisha wenye viwanda wa kusini na washirika wa Ulaya. Utaratibu huo uliyafaa makampuni yenye ofisi, hesabu zilizoandikwa na mtu wa kujaza fomu. Muuza nguo za mitumba wa Gikomba mjini Nairobi, au mwenye duka la rejareja wa Kariakoo, Dar es Salaam, hakuwa na njia ya kuufikia mlango huo. Mwezi Juni mwaka 2014 mawaziri wa pande zote mbili waliokutana Nairobi waliamua kituo kifungwe, na shughuli zake zikamalizika mwishoni mwa mwaka 2016.

Lengo lililopitwa na wakati

Mwezi Mei mwaka 2001 Brussels iliupokea mkutano wa tatu wa Umoja wa Mataifa kuhusu nchi zenye maendeleo duni kabisa duniani. Nchi hizo zilikuwa 49, zikiwemo Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasi ya Kongo. Mpango uliopitishwa uliweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2010 nchi hizo ziwe kwa wastani na laini 5 za simu za mezani na watumiaji 10 wa intaneti kwa kila watu 100.

Malengo yote mawili hayakufikiwa. Simu za mezani zilibakia takriban moja tu kwa kila watu 100. Lakini katika miaka hiyo hiyo simu za mkononi, ambazo lengo hilo halikuzihesabu, zilipindukia 25 kwa kila watu 100. Wapangaji walisubiri nyaya zipitishwe nguzo kwa nguzo, huku wananchi wakinunua vocha dukani.

Chanzo cha mabadiliko hayo kinarudi tena Brussels, lakini katika ofisi nyingine kabisa. Mwezi Juni mwaka 1987 Baraza la Mawaziri la Jumuiya ya Ulaya, kufuatia pendekezo la Halmashauri iliyoko mjini humo, lilizitaka nchi wanachama zitenge masafa ya redio kwa ajili ya mfumo mmoja wa simu za mkononi, uliokuja kujulikana kama GSM. Nia ilikuwa kujenga soko moja la Ulaya. Afrika haikuwa katika hesabu.

Hata hivyo mfumo mmoja uliotumiwa na nchi nyingi ulivifanya vifaa vitengenezwe kwa wingi, na bei ikashuka. Pamoja nao zilikuja vitu viwili: ujumbe mfupi wa maandishi na kadi ndogo ambayo watu wa Afrika Mashariki huiita laini. Kampuni ya Celtel ilianza kazi Uganda mwaka 1995, na MTN ikafuata mwaka 1998.

Wateja walioongoza njia

Juu ya laini hiyo na ujumbe huo ndipo ilipojengwa huduma ya M-Pesa nchini Kenya. Fedha za majaribio hazikutoka Brussels bali London: idara ya maendeleo ya kimataifa ya Uingereza ilitoa ruzuku ya karibu pauni milioni 1, na kampuni ya Vodafone ikachangia sehemu yake. Ruzuku hiyo haikumlipa mtaalamu wa kumfundisha mfanyabiashara. Ilipunguza hofu ya kampuni kujaribu jambo ambalo huenda lisingeleta faida.

Majaribio yalianza mwezi Oktoba mwaka 2005, yakikusudia kuwarahisishia wakopaji wadogo kulipa mikopo yao. Watumiaji wakagundua matumizi mengine. Wapo waliolipana wao kwa wao kwa ajili ya biashara. Wengine waliweka fedha zao kwa wakala kabla ya safari na kuzitoa walikofika, au waliziacha huko usiku kucha ili wasinyang'anywe njiani. Huduma ilipozinduliwa mwezi Machi mwaka 2007 shabaha ilikuwa imebadilika: kutuma fedha. Mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Mwenye duka wa mkoani, aliyezoea kumkabidhi dereva wa basi bahasha ya fedha za kununulia mali, sasa angeweza kumlipa muuzaji wa jumla bila ya kufunga duka.

Umoja wa Ulaya umeyazingatia hayo kwa kiasi fulani. Mwaka 2017 Halmashauri ilitoa waraka wa kuiingiza teknolojia ya digitali katika sera yake nzima ya maendeleo. Katika mkutano wa kilele na Umoja wa Afrika, mjini Brussels mwezi Februari mwaka 2022, uliahidiwa uwekezaji wa euro bilioni 150 barani Afrika, digitali ikiwa mojawapo ya sekta zilizotajwa.

Fedha hizo ni nyingi kuliko zote zilizowahi kupita katika kile kituo kilichofungwa. Iwapo zitamfikia muuza mitumba wa Gikomba itategemea mambo ambayo historia imekwisha kuyaonyesha: bei ya kifaa na ya huduma, mfumo uliofunguliwa kwa wote, na wapangaji walio tayari kutazama jinsi mfanyabiashara mwenyewe anavyoitumia simu yake kabla ya kumwandikia lengo.